Mguu Sawa

Alifika kabla sijafuta vumbi kwenye printa,
siku ya soko Kiboriloni, mitumba inamwagwa chini,
akauliza bei kwanza, salamu baadaye.
Mia tano kwa ukurasa. Akaguna, akakaa,
mguu wa kushoto akauweka pembeni
kama mzigo aliopewa na mtu amshikie.

Koplo mstaafu Sifaeli Mremi, wa Kibosho.
Bahasha ya kaki, imefungwa kwa ukamba wa mgomba,
ndani yake rufaa ya kwanza, rufaa ya pili,
na cheti kutoka hospitali ya rufaa.
"Kiswahili nacho," akasema,
"neno moja kwa daktari na kwa bodi,
na kote naambiwa njoo Jumanne."

Nikasoma jibu lao, aya ya nne:
*Mwombaji anadai kipande cha bomu, Mutukula,
Januari sabini na tisa. Picha haionyeshi chuma.
Kifundo kilivunjika, kikaunga vibaya.
Huenda alianguka shambani. Asilimia sifuri.*

"Shambani!"
Akavua kiatu nione.
Kifundo kimevimba kama kiazi kikuu,
ngozi inang'aa, mfupa umekaa upande.
"Yule daktari kijana alikipima kwa rula,
akakikunja mbele, akakikunja nyuma, akaandika nyuzi.
Hakuuliza habari za ngazi za kanisani,
wala kwa nini nanunua viatu pea mbili,
kushoto navaa namba tisa, kulia saba,
na vinavyobaki havina mwenyewe."

Nikaanza kuchapa, nikifuata barua ya zamani:
*Kipande cha bomu kilinipiga nikiwa mstari wa mbele*
nusu ukurasa nzima, vidole vyangu vinakwenda vyenyewe.
Akatazama kioo. Akatazama mlango.
Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi.

"Acha hapo. Andika handaki."
La adui?
"Letu."
La kujikinga?
Akanyamaza mpaka mteja wa fotokopi akaondoka.
"La choo. Tulilichimba jioni, mimi na Nandonde.
Usiku likaja lori limezima taa, tukaambiwa pandeni,
mara tukaambiwa shukeni, nikaruka gizani,
nikatua humo humo.
Methali unaijua. Usiiandike."

Sikuiandika.
Nikaandika kwamba Nandonde, wa Masasi,
alimbeba mgongoni hadi kukapambazuka,
wote wawili wananuka, wote wawili wanacheka,
na kwamba wiki ya pili risasi ilimpata Nandonde,
kwa hiyo shahidi hayupo.

"Mke wangu amekufa anajua bomu," akasema.
"Wanangu wanajua bomu. Mchungaji alilitaja madhabahuni.
Mfupa uliunga vibaya mwaka ule ule,
hili lingine ni fundo la juu zaidi, hapa,
na hili hawana rula yake."

Nikamuuliza, taratibu, kama shimo la choo
bodi wataliita la vita.
"Sijui, mama. Lakini choo cha jeshi ni cha jeshi.
Sikuenda kule kutalii."

Kusaini alikataa kusaini amekaa.
Akashika ukingo wa meza, akajinyoosha,
kidevu juu, mikono ubavuni,
akaleta kisigino cha kulia kikutane na cha kushoto.
Hakikufika. Pakabaki nafasi ya vidole vitatu.
Akasaini hivyo hivyo, mguu pande.

Kurasa mbili, elfu moja. Akahesabu sarafu.
Halafu akaiona ile karatasi ya bomu kwenye trei,
ilitoka kwa bahati mbaya, imeishia katikati ya sentensi.
Nikataka kuichana.
"Hiyo nipe. Ya wajukuu."
Akaikunja mara nne, mfuko wa shati,
akaongeza mia tano nyingine, sikuweza kumrudishia.

Nje, jua lilikuwa limeshakuwa kali.
Alivuka hadi kwenye marundo ya viatu,
na hata mashine ilipoanza tena kunguruma
nilimsikia akibishana na yule muuzaji
bei ya pea mbili.